Bilioni 683 za nani?

Tangu Novemba 2025, dhahabu ya Isulu na Bushiangala kule Ikolomani, Kakamega, imevishwa kilemba cha ukoka: shilingi bilioni 683. Kampuni ya Shanta Gold imechoronga miamba, imepeleka kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, ripoti ya athari kwa mazingira, na vichwa vya habari vikashika tarakimu hiyo moja. Inapotosha, na wizara ya madini ilipaswa kuikanusha siku ileile.

Hesabu yenyewe haina ufundi. Makadirio ni wakia milioni 1.27. Zidisha kwa bei ya wakia wakati ule, dola elfu nne na ushei, kisha kwa shilingi 129 za dola moja, hutakuwa mbali na bilioni 683. Hapo hakuna aliyetoa gharama ya kuchimba, ya umeme, ya kusaga mawe, ya fidia kwa familia zipatazo 800 zinazotakiwa kuhama, wala dhahabu itakayopotelea kwenye mabaki. Ni kumhesabia mvuvi utajiri kwa samaki ambao bado wanaogelea. Tena, mgawo wa Sheria ya Madini ya 2016, asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa wenyeji, haugusi bilioni hizo. Unaogawanywa ni mrabaha tu, yaani ada ambayo kampuni huilipa serikali kwa madini inayochimba. Mwanakijiji anayetajiwa 683 bila kuambiwa hilo amedanganywa, na sioni neno la upole zaidi.

Watasema mwekezaji huvutwa na tarakimu kubwa. Huyo husoma sampuli na upembuzi yakinifu. Anayesoma vichwa vya magazeti ni mwenye shamba.

Pwani tumeshapigiwa ngoma hii. Mwaka 2013 mlima wa Mrima, Kwale, ulitangazwa kuwa na madini ya dola bilioni 62.4. Leseni ya kampuni ya Cortec, iliyotaka kuyachimba, ikafutwa mwaka huohuo. Kampuni ilipoishtaki Kenya kwenye ICSID, kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, ilidai takriban dola bilioni 2 (zile 60 zilikwenda wapi?), na 2018 ikashindwa, kwa kuwa leseni ilitolewa bila tathmini ya mazingira. Hata mchanga wa madini wa Kwale uliochimbwa kweli, ukapakiwa Likoni na kupita na meli mbele ya Shelly Beach hadi mgodi ulipofungwa Desemba 2024, uliwaacha wenyeji wakisubiri asilimia 10 yao kwa miaka.

Kabla familia ya kwanza ya Ikolomani haijatia saini fidia, iwekewe mbele yake karatasi yenye tarakimu moja: mgao wa wenyeji katika mrabaha wa mwaka wa kwanza.