Chombo Kipya au Kilichotumika?

Familia nyingi katika visiwa vya Lamu huweka akiba kwa miaka ili kununua chombo kimoja, na siku ya kununua ifikapo, macho huvutwa na rangi mpya. Sisi twaona kwamba swali la kwanza ni hili: baada ya kulipa, kitabaki kiasi gani?

Boti mpya ya faiba haihitaji kalafati, lakini bei yake huweza kumaliza akiba yote. Mashua ya mbao iliyotumika huwa nafuu, ila aibu zake hufichwa na rangi. Tusiinunue ingali inaelea. Ipandishwe ufuoni maji yakipwa, kisha fundi wa vyombo asiye na fungu katika biashara hiyo auchunguze mkuku na mataruma, achokoe mbao kwa ncha ya kisu, na atafute matundu ya wadudu wa baharini. Ubao mmoja hubadilishwa. Mkuku uliooza hugharimu karibu chombo kizima. Mashine nayo tuikute baridi, kwani iliyokwisha kupashwa moto huficha ugumu wake wa kuwaka.

Kisha tuhesabu leseni, matengenezo ya kila mwaka, na jaketi la kuokolea kwa kila abiria. Iwapo chombo kipya hakituachii fedha za hayo, tuchague kikuukuu kilicho kizima. Na zisipotosha kwa hicho pia, ndugu zetu, tungoje msimu mwingine. Watakaopanda ni watoto wetu.