Kidonge kipo, kipimo kiko wapi?

Ami yangu ana makao mawili. La kwanza ni Kitale, alikohamia ujanani kufuata biashara ya mahindi, na tangu hapo Mombasa huja kwa harusi na matanga tu. La pili ni Bungoma, kwa bintiye aliyeolewa huko. Baridi ya Kitale ikimzidi hufunga mkoba akateremka Bungoma, akakaa wiki mbili tatu.

Miaka minne iliyopita aligunduliwa kuwa moyo wake hupiga ovyo, bila mpangilio. Daktari akamwandikia warfarini, dawa ambayo wengi wetu huiita "ya kuyeyusha damu", akamwambia ataimeza maisha yake yote ili asipatwe na kiharusi.

Nilipomtembelea Kitale mwezi uliopita nilimkuta barazani, tundu moja la pua limezibwa kwa pamba.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Usitishike, ni damu kidogo tu ya pua. Imeanza jana asubuhi."

Jana asubuhi! Nikaomba daftari lake la kliniki. Vidonge, alhamdulillahi, hakuwahi kukosa hata siku moja. Lakini kipimo cha mwisho cha damu kilikuwa cha miezi mitano nyuma. Maabara aliyoizoea iliishiwa na vifaa, akaambiwa aende Eldoret. Akahesabu nauli, akahesabu siku ya kupoteza, akasema atakwenda mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa miezi mitano.

Jioni hiyo tulimpeleka hospitali. Kipimo kilichotakiwa kuwa kati ya 2 na 3 kilisoma zaidi ya 6. Katika kuulizwa maswali ndipo ikajulikana kwamba wiki iliyopita, akiwa Bungoma, tumbo lilimsumbua. Akaenda duka moja la dawa, akauziwa Flagyl. Hakuna aliyemwuliza anameza dawa gani nyingine, naye hakuona sababu ya kusema. Alilazwa, warfarini ikasimamishwa kwa siku kadhaa, akapewa vitamini K, damu ikakatika. Leo ni mzima. Lakini jambo hili limenikaa moyoni, na ndilo ninalotaka tulizungumze, kwa sababu halihusu Kitale na Bungoma peke yake.

Kwanza tuelewane dawa hii hufanya nini. Haiyeyushi damu wala haiifanyi kuwa nyepesi kama maji. Huchelewesha damu kuganda. Moyo unapopiga ovyo, damu hutuama katika chumba cha juu cha moyo, na damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka likapanda kichwani, hicho ndicho kiharusi. Kwa wagonjwa wa aina hii warfarini hupunguza hatari ya kiharusi kwa takriban theluthi mbili. Ni dawa ya bei nafuu, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Shida yake ni kwamba njia yake ni nyembamba. Ikipungua, damu huganda na kiharusi huja. Ikizidi, mtu huvuja damu puani, tumboni au ndani ya kichwa. Wala si ajabu ukijua ilikotoka. Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walikuwa wakifa kwa kuvuja damu baada ya kula majani makavu yaliyooza. Mtaalamu Karl Link na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wakaitafuta sumu iliyokuwamo, na kutokana na kazi hiyo warfarini ikaingia sokoni mwaka wa 1948 kama sumu ya panya. Miaka michache baadaye ikawa dawa ya binadamu, na Rais Eisenhower wa Marekani alitibiwa nayo alipopatwa na mshtuko wa moyo mwaka wa 1955. Tofauti ya sumu na dawa hapa ni kiasi tu. Na kiasi hakijulikani bila kupimwa.

Kipimo chenyewe huitwa INR. Mtu asiyemeza dawa hii husoma karibu na 1. Mgonjwa kama ami hutakiwa awe kati ya 2 na 3, na wenye baadhi ya vali za bandia huwekewa juu kidogo. Nambari hiyo haitulii. Flagyl na Septrin huipandisha, nazo ni dawa ambazo kwetu watu hununua kama peremende. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huishusha. Brufen na diklofenaki huongeza hatari ya kuvuja damu hata kama nambari haikubadilika.

Chakula nacho kina neno. Bungoma, bintiye humpikia murere, kunde na sukuma wiki karibu kila siku. Kitale, mzee akiwa peke yake, ni ugali kwa maharagwe au nyama. Mboga za majani zina vitamini K kwa wingi, nayo hupingana na warfarini. Kwa hivyo mtu yule yule, kwa kidonge kile kile, ana damu moja Kitale na nyingine Bungoma. Dawa si kuacha mboga. Dawa ni kula kiasi kinacholingana wiki kwa wiki, na kupimwa kila kinapobadilika kitu. Nanyi wenzangu wa mchicha, kisamvu na matembele, hili ni letu pia.

Sasa nije kwenye siasa yake. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, tumejadili usajili, makato ya asilimia 2.75 na madeni ya hospitali. Ni mijadala ya haki. Lakini tazama mpango wenyewe ulivyopangwa. Kuna hazina ya afya ya msingi kwa zahanati na vituo vya afya, kuna bima ya hospitali kubwa, na kuna hazina ya dharura na magonjwa sugu, ambayo huingia mgao wa bima ukishakwisha. Yaani mgonjwa wa ghali ndiye aliyewekewa hazina yake. Mzee anayehitaji tone la damu lipimwe kila mwezi asifike huko, sijasikia mwanasiasa hata mmoja akimtaja jukwaani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kiharusi ni mtu mzima aliyelala kitandani, wa kumlisha, wa kumgeuza, na binti aliyeacha kazi ili amuuguze.

Wapo watakaosema: kuna dawa mpya zisizohitaji kipimo hiki, kama apiksabani na rivaroksabani, watu wahamie huko. Kwa wengi wenye moyo unaopiga ovyo ni shauri jema, na anayezimudu amwulize daktari wake. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hili katika orodha yake mwaka wa 2019. Lakini hazimfai kila mtu. Mwenye vali ya bandia ya chuma haruhusiwi kuzitumia. Na kwetu bado kuna ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi, unaoanza na koo la utotoni lisilotibiwa na kuharibu vali za vijana, wengi wao wanawake. Mwaka wa 2022 yalitolewa matokeo ya utafiti uitwao INVICTUS, uliofanywa kwa wagonjwa kama hao zaidi ya 4,500 katika nchi 24. Wengi walitarajia dawa mpya ishinde. Waliotumia dawa za kundi la warfarini ndio waliopona zaidi na vifo. Kwa hivyo kidonge hiki cha zamani hakiondoki Afrika Mashariki hivi karibuni. Na msichana anayekimeza anahitaji zaidi ya kipimo: anahitaji mtu wa kumwambia mapema kwamba kinaweza kumdhuru mtoto tumboni, ili akitaka kuzaa amwone daktari kabla ya kushika mimba.

Je, jambo hili linawezekana kwa uwezo wetu? Linawezekana, na ushahidi uko kama kilomita 70 tu kutoka barazani kwa ami. Katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, chini ya ushirikiano wa AMPATH, ilianzishwa miaka mingi iliyopita kliniki ya dawa hizi inayoongozwa na wafamasia. Mgonjwa huchomwa kidole, tone la damu huingia katika kimashine, nambari hutoka papo hapo, mfamasia hurekebisha dozi na kumfundisha mgonjwa. Matokeo yaliyochapishwa yalikaribia yale ya nchi tajiri. Hakukuhitajika daktari bingwa kwa kila mgonjwa, bali mfamasia aliyefunzwa, kimashine, na daftari linalofuatiliwa.

Kasoro ni kwamba Eldoret ni moja. Aliye Kitale huhesabu nauli, na aliye Bungoma huhesabu zaidi. Wakati wa mgomo wa madaktari wa 2024, uliodumu siku 56, mgonjwa wa shinikizo la damu aliweza kununua dawa akasubiri. Wa warfarini aliyenunua dawa bila kupimwa alikuwa akitembea gizani.

Huku kwetu Pwani hali ni ile ile, ila badala ya matatu pana na mashua. Fikiria mgonjwa wa Faza, wa Kipini, wa Lunga Lunga. Afya ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, kwa hivyo ombi langu nalipeleka kwa magavana na mawaziri wao wa afya. Vimashine vya kuchoma kidole vifike angalau katika hospitali za kaunti ndogo, wafamasia wapewe mafunzo na mamlaka ya kurekebisha dozi, na SHA ilipie kipimo hicho waziwazi. Mwaka wa 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye mashine za presha na sukari. Nchi imekwisha kuzoea tone la damu la kidoleni. Hili ni tone jingine tu.

Na sisi wenyewe tuna kazi. Wapo wengi huku wanaomeza aspirini ndogo kila siku kwa kuwa jirani anameza. Aliyewahi kupatwa na mshtuko wa moyo anaweza kuandikiwa, na asiiache bila ushauri. Lakini kwa mzee mzima asiye na maradhi ya moyo, utafiti mkubwa wa ASPREE, uliotolewa 2018, ulionyesha kuvuja damu kukiongezeka bila faida ya maana. Mtu akianguka ghafla, mdomo umepinda au mkono umelegea, msimpe aspirini nyumbani. Viharusi vingine ni vya damu kuvuja kichwani, na hakuna ajuaye kabla ya picha. Mkimbizeni hospitali. Na presha itibiwe, kwa kuwa ndiyo mama wa viharusi vingi, na hakuna kidonge cha kuzuia damu kuganda kinachoshika nafasi yake.

Anayemeza warfarini aseme hivyo kila anapoingia duka la dawa, hata kama amefuata dawa ya mafua. Habat soda, tangawizi na kitunguu saumu vya kujitibu navyo avitaje kwa daktari. Akisahau dozi asimeze mbili kesho yake. Ramadhani isimtie hofu: dawa hii humezwa mara moja kwa siku, na wengi huimeza jioni, kwa hivyo baada ya futari panatosha. Ila chakula cha mwezi ule hubadilika, basi apimwe.

Nilipoondoka Kitale, binti yake alikuwa amekuja kutoka Bungoma. Ameandika kwenye jalada la daftari, kwa kalamu nyekundu, majina ya dawa ambazo baba yake asiuziwe. Ndani ameweka tarehe ya kipimo kijacho, na noti za nauli ya Eldoret amezibana hapo hapo kwa pini.

"Sasa kama nauli ipo, sina la kusingizia," ami akaniambia.

Yeye ana binti. Wasio na binti wa namna hii ndio ninaowaandikia magavana.