Kabla ya Kumzomea Refa

Mpenzi msomaji, ikiwa umewahi kuketi katika uwanja wa Afraha, hapa Nakuru, huhitaji kuelezwa yanayotokea bao linapokataliwa. Mshika kibendera ameinua mkono, refa amepuliza kipenga, na papo hapo waamuzi wote wamegeuka wezi. Ugomvi huo huhamia mitaani. Vijana wa Langa Langa au Kaptembwo wakicheza bila refa, neno moja tu, “ameotea”, latosha kuwatenganisha marafiki. Mtoto akimuuliza babake kosa lenyewe ni lipi, hujibiwa, “Sheria ni sheria.” Jibu hilo halimsaidii mtu.

Tuanze na neno lenyewe. Kuotea ni kuvizia, kama paka anavyomwotea panya mlangoni pa tundu. Mchezaji aliyeotea hajampiga mtu teke wala hajaushika mpira. Kosa lake ni kwamba amekwenda kusimama penye mavuno huku wenzake wangali wanalima.

Basi ukitaka kuielewa sheria yoyote ya pasi, jiulize swali moja: kama isingekuwapo, mchezaji mvivu angefanya nini?

Swali hilo lilipata jibu mbali sana na Bonde la Ufa, katika mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Usicheke, kwani Kenya pia inao. Timu ya Ice Lions ilianzia kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka wa 2005, na mwaka wa 2024 Kenya ikakubaliwa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Huko hapapigwi mpira bali kisahani kigumu cha raba.

Katika ligi kuu ya Marekani na Kanada, NHL, zamani ilikuwa marufuku kumpa mwenzako pasi ya mbele ukiwa katika eneo la kushambulia. Mabao yakawa adimu kama mvua ya Januari. Msimu wa 1928-29, kipa George Hainsworth wa Montreal alimaliza mechi 22 kati ya 44 bila kufungwa. Msimu uliofuata wakuu wakaruhusu pasi za mbele kila mahali. Wachezaji wakafanya nini? Wakapiga kambi mbele ya lango la wapinzani, wakingoja kuletewa. Mabao yakafurika, hata Desemba 1929 ikabidi sheria ibadilishwe msimu ukiwa katikati: mshambuliaji asiingie eneo la wapinzani kabla ya kisahani. Pasi ya mbele ikabaki, uviziaji ukapigwa marufuku.

Wavivu hawakukata tamaa. Timu iliyotaka kulinda matokeo ilikipiga kisahani kutoka kwake hadi mwisho wa uwanja, tena na tena. Katika mechi moja ya msimu wa 1931-32, Boston Bruins walifanya hivyo mara 87, na mchezo ukaisha 0-0. Hebu fikiria umelipa kiingilio kutazama hayo! Mwaka wa 1937 ikawekwa sheria ya kuurudisha mchezo karibu na lango la aliyekipiga hivyo.

Nasi katika kandanda tuliuona uvivu wa aina hiyo. Wasomaji wa makamo watakumbuka beki akimrudishia kipa mpira kwa mguu, kipa akaudaka, akaubingirisha kwa beki, beki akamrudishia tena, huku dakika zikiyoyoma. Tangu mwaka wa 1992 kipa haruhusiwi kuudaka mpira ambao mwenzake amemrudishia makusudi kwa mguu.

Katika raga, inayopendwa sana kule Nakuru Athletic Club, nyumbani kwa mashindano ya Prinsloo Sevens, pasi ya mkono haiendi mbele kamwe. Kama ingeruhusiwa, mwenye mkono wa nguvu angeurusha mpira juu ya vichwa vya walinzi na kazi ingekwisha. Sasa lazima apenye kwa miguu yake, na wenzake wawe nyuma yake tayari kumsaidia.

Lakini sheria hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Mpira wa magongo wa kawaida, ambao uliipa Kenya nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza kule Barcelona mwaka wa 1971, ulifuta kabisa sheria ya kuotea mwaka wa 1998. NHL nayo, mwaka wa 2005, iliondoa marufuku ya pasi ndefu zinazovuka mistari miwili, kwa sababu walinzi walikuwa wakijazana katikati na kuukaba mchezo. Sheria ni dawa. Ugonjwa ukibadilika, dawa nayo hubadilishwa.

Kwa hivyo, ewe mwanafunzi, mkicheza watano watano kwenye kiwanja kidogo cha mtaa, hakuna aibu kuamua kwamba kuotea hakupo. Hata futsal, mpira wa ukumbini, hauna sheria hiyo. Mkiwa wengi na kiwanja ni kikubwa, iwekeni, na mumteue mmoja wa kuamua. La muhimu ni kupatana kabla mpira haujaguswa, si baada ya bao kuingia.

Nawe mzazi, uwapo pembeni mwa uwanja wa shule, chunga ulimi wako. Mtoto anayekusikia ukimwita refa mwizi hujifunza kwamba kila uamuzi unaomuumiza ni hila. Anayeelezwa sababu ya sheria anaweza kupoteza bao bila kupoteza rafiki.