Sauti ni yake, mikro ni ya nani?

Mu miji yetu ya mugodi kila mutu anajua: anayeshika nyundo njo anatoka jasho, lakini anayeshika balansi njo anasema bei. Mu redio na televizio ni vile vile. Angalieni Oprah Winfrey.

Alizaliwa Mississippi, Marekani, mwaka 1954, mu umaskini. Angali mwanafunzi, alisoma habari mu redio ya Nashville. Mu 1976 akaenda Baltimore kusoma habari mu televizio. Hawakukawia kumutosha ku kile kiti. Mu 1978 wakamuweka ku emisio ya mazungumzo, na pale njo watu wakamutambua. Mu 1984 akafika Chicago, ku emisio iliyokuwa ya mwisho. Nyuma ya miezi kidogo ikapita zingine.

Wengi wanasimulia paka hapo: sauti, machozi, sifa. Kwangu, kazi kubwa ilikuja nyuma. Mu 1986, emisio ilipoanza kuonekana mu inchi nzima, alifungua kampuni yake, Harpo, ni kusema Oprah kwa kinyume. Mu 1988 emisio yenyewe ikawa mali ya Harpo. Toka siku ile, balansi ilikuwa mu mukono yake. Emisio iliendelea miaka 25, hadi 2011.

Juu ya nini niwaambie mambo ya Chicago? Juu batoto betu ba Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wanapenda mikro. Wengi wanaingia mu redio bila kontra, bila mushahara. Wanaishi na kupaje, ile franga ya mutu anayetafuta sifa. Basi siku shimo linaanguka, nani atataja mwenye shimo? Mutu anayekula mu mukono ya patroni hawezi kumutaja patroni.

Mutaniambia: Chicago kuko franga, huku hakuna. Ni kweli, studio iko bei. Lakini sheria inaomba wachimbaji wa mikono waingie mu kooperative. Vijana ba mikro nao wanaweza kuungana: telefone mbili, emisio moja, karatasi inayoonyesha kila mutu sehemu yake. Paka isikuwe kooperative ya mukubwa fulani, ile tunaijua.

Baba, mama, siku mutoto anarudia na furaha, anasema redio imemukamata, mumupongeze. Kisha mumuulize: kontra iko wapi? Na ile emisio, ni ya nani?