Umeme wa Ruzizi usiishie kwenye taa

Mto Ruzizi hauko mbali na sisi wakazi wa Muganza. Tangu mwaka 1989 mtambo wa Ruzizi II unazalisha umeme wa maji unaogawanywa kati ya Rwanda, Burundi na Kongo. Ni nishati safi. Hata hivyo, ikifika jioni, nyumba nyingi hapa zinapika kwa mkaa. Kwa nini?

Sababu moja kubwa ni bei. Mwaka 2020 RURA, mamlaka inayopanga bei hizi, ilitangaza kuwa uniti 15 za kwanza kwa mwezi ni faranga 89 kila moja, kisha 212 hadi uniti 50, na zaidi ya hapo 249. Mabadiliko ya 2025 hayakuondoa ngazi hizo. Nia ni kumlinda maskini, na ni nia njema.

Lakini wengi wetu tuliorudi nyumbani, na wafanyabiashara wa mpaka wa Bugarama, tunapanga vyumba. Wapangaji 5 wakitumia mita moja, uniti za bei nafuu huisha ndani ya siku chache. Anayethubutu kununua jiko la umeme anapandishwa ngazi ya juu.

Nimesoma ukimbizini kwa mwanga wa koroboi, najua moshi unavyoumiza macho ya mwanafunzi. Naiomba RURA ihesabu ngazi kwa kila kaya, si kwa kila mita, na umeme wa kupikia uwekewe bei yake. Bila hivyo, mkaa utaendelea kutushinda.