Betri ya Pikipiki na Kiasi cha Umeme Kiifaacho

Baridi ya mwezi wa Julai ifikapo Mutuini, wenye pikipiki za abiria huanza kunung'unika alfajiri. Baridi hupunguza nguvu za betri, na ile iliyokuwa dhaifu tangu awali ndiyo hushindwa kwanza. Basi mwenyewe huifungua, akaipeleka kwa fundi wa magari, naye huirudisha baada ya saa moja akisema imejaa. Hufanya kazi siku chache, kisha hufa kabisa, na lawama humwangukia aliyeiuza.

Mara nyingi muuzaji hana kosa. Betri ya gari dogo huwa na uwezo wa ampea-saa makumi kadhaa, lakini ya pikipiki nyingi za abiria ni 5 hadi 9 tu. Mashine ya kuchajia magari huweza kusukuma ampea 10, na kuitumia kwa betri ndogo namna hiyo ni kama kumlisha mtoto mchanga kwa upawa.

Ndani ya betri mna mabamba ya risasi yaliyozama katika maji yenye asidi. Umeme ukiingia polepole, mabamba huupokea. Ukizidi, huyageuza maji kuwa hewa za haidrojeni na oksijeni. Betri hushika joto, mabamba hupinda na kumomonyoka. Betri iliyozibwa ndiyo iumiayo zaidi, maana maji yaliyoipotea hayarudishwi.

Kanuni yenyewe ni nyepesi: sehemu moja ya kumi ya uwezo. Asomaye ubavuni 12V 5Ah agawanye 5 kwa 10, apate nusu ampea; mwenye 9Ah atatia ampea 0.9. Lakini mtengenezaji akiwa ameandika kiasi chake juu ya betri, hicho ndicho kifuatwe. Betri iliyokwisha kabisa itataka saa 10 hadi 14, kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea njiani. Ni muda mrefu, na mtu anayetafuta chakula cha siku hiyo huuona mchungu. Hata hivyo ni nafuu kuliko kununua betri mpya. Ikiisha kuchajiwa na kupumzika saa kadhaa, betri nzima huonyesha volti 12.6 au zaidi.

Betri za lithiamu, kama zile za pikipiki za umeme zinazoonekana Nairobi siku hizi, hazimo katika kanuni hii. Hizo zina mashine zake.

Akaaye katika chumba kimoja hushawishika kuchaji usiku kando ya jiko. Asithubutu. Haidrojeni hulipuka kwa cheche ndogo, na mlipuko humwaga asidi usoni. Betri iwekwe penye hewa, waya zifungwe kwanza ndipo swichi iwashwe, na swichi izimwe kabla ya kuzifungua. Ikiwa moto kiasi cha kutoshikika, umeme ukatwe mara moja. Asidi ikiingia jichoni, lioshwe kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha mtu apelekwe hospitali bila kungoja aone kama litapoa.

Waendeshaji wa kituo kimoja wanaweza kuchanga fedha wakanunua mashine ndogo ya pamoja. Ichaguliwe iwezayo kupunguzwa hadi nusu ampea, kwa ajili ya wale wenye betri ndogo.