Safari ndefu ya baiskeli: mfungashie mtoto vya chumvi

Likizo ya Juni ikikaribia, vijana wa Kawetele huanza kuomba ruhusa ya kwenda mbali na baiskeli. Wengine huishia Katumba au Kiwira, na wenye moyo zaidi hutaka kuteremka mpaka Kyela kumsalimia shangazi. Mzazi hukagua breki, hujaza upepo, kisha humpa mtoto hela kidogo ya "kununua kitu njiani". Mara nyingi kitu hicho huwa soda na biskuti.

Sukari si sumu, na mwendesha baiskeli anaihitaji. Lakini vitamu vitupu kwa saa tatu humkinai mtoto, tumbo humsokota, naye huacha kula. Isitoshe, jasho linamtoa chumvi, na soda hairudishi ya kutosha.

Tukumbuke pia tunaishi wapi. Tukuyu iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Kwenda ni mteremko na joto linaloongezeka. Kurudi ni mlima, tena kwenye barabara ya malori yanayokwenda na kutoka mpakani Kasumulu. Akiba ya nguvu iliyo mwilini huweza kumtosha anayekanyaga kwa bidii saa moja na nusu hadi mbili hivi. Ikiisha, mikono hutetemeka, kichwa huwa kizito na breki hushikwa kwa kuchelewa. Hapo ndipo chakula kinapokuwa suala la usalama.

Vya kufungasha viko jikoni mwetu:

Viazi mviringo vidogo. Vichemshe, vimenye, vinyunyizie chumvi. Ni wanga unaomeng'enywa kwa urahisi, na havipondeki haraka mfukoni. Magimbi na ndizi za kuchemsha hufanya kazi hiyo hiyo.

Chapati na yai. Viringisha chapati juu ya yai la kuchemsha lililopondwa na chumvi, kisha kata vipande viwili. Iliwe saa za mwanzo, kabla joto halijaiharibu.

Tonge la wali. Wapanda baiskeli wa Tour de France hula vipande vya wali ulioshindiliwa. Wewe upike asubuhi hiyo hiyo, utie chumvi, uushindilie. Wali wa jana usimpe.

Karanga za chumvi. Konzi moja inatosha, kwa sababu mafuta yake humeng'enywa polepole. Chagua kwa macho: zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu, tupa. Sumukuvu haiondoki kwa kukaangwa, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Chipsi zinazochuruzika mafuta na sambusa za nyama zilizolala ziache nyumbani. Hukaa tumboni kama jiwe, na nyama iliyolala kwenye joto huleta kuhara.

Mfundishe kula kabla ya njaa: kila nusu saa, kiazi kimoja cha ukubwa wa yai au nusu ya chapati, na maji juu yake. Asile huku anaendesha. Atoke kabisa barabarani, ashuke, atafune, apumzike kidogo, ndipo aendelee. Kabla ya kuanza kupanda kurudi Tukuyu, ale hata kama anasema ameshiba.

Tahadhari moja: chumvi hii ni ya siku ya jasho. Siku za kawaida, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, na mtoto ale pungufu ya hapo. Mwenye maradhi ya figo, moyo au shinikizo la damu aulize daktari kwanza.

Jaribuni Jumamosi hii kwa safari fupi. Mwache achemshe viazi mwenyewe, avibebe, kisha akirudi mwulize vimebaki vingapi. Vikirudi vyote, mbadilishie chakula kabla hujamruhusu kwenda Kyela.